Sera ya Mtu Mmoja

Saa mbili na dakika arobaini na saba asubuhi, Jumapili, lori jeupe aina ya Hino liligeuka katikati ya barabara ya Mafraq, kilomita tatu kabla ya kizuizi.

Hakukuwa na sababu ya kugeuka. Barabara ilikuwa tupu. Kizuizi kilifichwa nyuma ya daraja.

Kapteni Janset Qardan wa kikosi cha kuzuia magendo alikuwa mita mia nne nyuma, ndani ya Toyota Hilux isiyo na alama. Alikanyaga mafuta.

Lori liliacha lami, likavuka mtaro, likazama kwenye changarawe. Dereva aliruka chini na kudandia pikipiki iliyokuwa ikimngoja. Janset alishuka, Glock mkononi. Alipima umbali.

Hakufyatua.

Alifungua milango ya nyuma. Ngozi mbichi za kondoo, tani nzima, zilizotiwa chumvi kidogo makusudi ili zioze. Funza walitambaa kwenye mikunjo. Alivaa glavu, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akatoa mfuko wa vidonge vya kaptagoni, dawa ya kulevya, rangi ya maziwa yaliyochacha.

Alitema mate.

Kwenye kiti cha dereva kulikuwa na simu ya Samsung. Ujumbe wa mwisho uliingia saa mbili na dakika thelathini na moja:

«Tutafunga nyuma ya daraja. Lori jeupe lipite kituo cha kwanza. Nani kaleta kahawa hii bila iliki? Leteni nyingine.»

Hayo yalikuwa maneno ya mkuu wao, Brigedia Mithqal, katika kikao cha asubuhi kule Amman. Janset aliyasikia mwenyewe kwa simu.

Msaliti hubeba siri. Habebi malalamiko ya kahawa. Maneno haya yaliandikwa na mashine.

Alimpigia Ghadir, fundi wa kompyuta wa kikosi.

"Uko peke yako?"

"Niko na sandwichi ya falafeli, afande. Hiyo haina mdomo."

"Chukua kompyuta, nenda kwenye ngazi. Msaidizi wa sauti kwenye programu ya vikao. Nani bado anaye?"

"Hakuna. Wiki iliyopita nililiwekea kundi zima sera, yaani amri ya mfumo, ya kumzima. Watu mia na kumi na wawili."

"Sijakuuliza kundi. Angalia mtu mmoja mmoja."

Vidole vilisikika kwenye kibodi. 

"Ee Mola. Brigedia."

"Soma."

"Amepewa sera yake, kwa jina lake. Msaidizi anasikiliza muda wote, hangoji kubonyezwa. Kila linalosemwa linaandikwa, na nakala inakwenda kwenye barua pepe ya Fawwaz Rbehat."

Fawwaz alikuwa msimamizi mkuu wa mfumo. Miaka kumi na saba kazini.

"Na sera yako ya kundi?"

"Haimgusi. Sera ya mtu huishinda ya kundi, ya kundi huishinda ya wote. Ndivyo mfumo ulivyo."

"Kama wasta."

"Kama wasta hasa. Sheria ni ya wote, isipokuwa mwenye mtu wake ofisini."

Saa tatu na dakika mbili.

Saa nne mwendesha mashtaka angeingia kikaoni. Asingetia saini hati ya msako bila kutajiwa jina la mtoa habari. Jina hilo ni Dahham, dereva wa Zarqa, baba wa watoto sita. Saa hiyo Dahham alikuwa ndani ya ua wa wauza magendo pamoja na madereva wengine watatu, wakipakia.

Jina lingetamkwa saa nne, saa nne na dakika tano lingekuwa kwenye simu za ua ule.

"Naiondoa sasa hivi," Ghadir alisema.

"Ukiiondoa, badiliko linachukua muda gani kufanya kazi?"

"Saa kadhaa. Pengine hadi kesho."

"Basi usiiguse."

"Basi niingie nikizime kishikwambi cha Brigedia kwa mkono."

"Kikinyamaza watajua tumejua. Wana madereva wanne, hawajui ni yupi. Watawachinja wote ili wasijisumbue kufikiri."

"Sasa tufanyeje?"

"Chukua karatasi. Andika ninayokutajia."

Janset alirudi garini, akapiga gia kuelekea Azraq, njia ya pili ya malori ya ua ule.

Saa nne kamili, mwendesha mashtaka akiketi, Ghadir aliingia kikaoni na jalada la saini, simu yake ikiwa wazi mfukoni. Janset alisikia karatasi ikifunuliwa. Brigedia akakohoa mara mbili.

"Mtoa habari wetu," Brigedia alisema, polepole kama anayesoma hotuba ya mtu mwingine, "ni ndege isiyo na rubani. Mtu hatuna. Leo magari yote yako Mafraq. Azraq hatuna hata baiskeli."

"Lakini mlisema..." mwendesha mashtaka alianza.

Karatasi ya pili, yenye jina lenyewe, iliwekwa mbele yake. Kalamu yake ikasikika ikitia saini.

Saa tano na dakika ishirini na sita, kwenye mawe meusi ya Azraq, redio ya Motorola ilikwaruza.

"Mwewe Moja, malori mawili. Hino na Isuzu."

"Mkanda wa misumari?"

"Umetandazwa."

Matairi manane yalipasuka. Watu saba walilala kifudifudi, wanne kati yao madereva. Harufu ya ngozi ilifika kabla ya vumbi kutua. Dahham alifungwa pingu kama wenzake. Hakuna aliyemtazama mara mbili.

Saa saba na dakika tano Janset aliingia ofisini kwa Fawwaz. Fawwaz alikuwa akila kunafa, keki ya jibini na shira, kwa vidole. Shira ilitiririka kwenye kibodi.

"Karibu, Kapteni. Bado ya moto."

"Nakala za vikao zikifika kwako zinakwenda wapi?"

Fawwaz aliendelea kutafuna.

"Mimi nilimsaidia mzee tu. Alichoka kubonyeza kitufe. Akasema, Fawwaz, mimi nitoe kwenye hiyo sheria. Nikamtoa."

"Na nakala?"

"Kuna jamaa alimwahidi mwanangu kazi ubalozini. Sijamgusa mtu, wallahi. Nilichagua jina kwenye orodha, nikabofya."

Alilamba kidole gumba, taratibu, hadi kwenye kucha.

Asubuhi ile Janset alikuwa amezamisha mkono kwenye funza. Hawakumkirihi hivi.

"Simama. Usifute mikono."

Pingu zilinata.

Brigedia Mithqal alimsubiri kwenye ujia, kishikwambi kikiwa kimezimwa.

"Kazi safi, binti yangu. Sasa, hiyo sera yangu mnaiondoa kabisa?"

"Ghadir ameshaiondoa, afande."

"Lakini mimi si Fawwaz. Hamwezi kunirudishia, mimi peke yangu, bila hizo nakala? Kubonyeza kila mara, kwa umri huu..."

Janset alimpita. Akashuka ngazi, akatoka.

Saa tisa na dakika ishirini Dahham alitolewa kwa mlango wa nyuma wa makao ya kikosi, mkewe na watoto wakiwa tayari garini.

Saa kumi na moja na dakika nne gari hilo lilipita kituo cha Karak, likielekea kusini. Askari wa zamu aliripoti abiria wanane, wote hai.