Visu vya Kerrow

Rafiki yangu Kerrow wa Tarbaj ni bahili mwenye akili ya kuku. Alinunua Garissa mashine kuukuu ya kukwangua rangi, amalizie nyumba ya arusi ya bintiye Anab. Visu vyake vya kabaidi, madini magumu kuliko chuma, vilikuwa butu, naye akavinoa kwa jiwe la kunolea visu vya kuchinjia ngamia!

“Warya, wewe bwana, hivyo vinataka jiwe la almasi,” nikamcheka, mimi fundi wa mafundi.

“Nyamaza! Chuma ni chuma.”

Havikushika makali. Akavitia mfukoni, akaifungia mashine ndani ya nyumba ile. Magharibi umeme ukapotea, nasi tukiwa uani tukasikia mlangoni mwake: krrr, krrr. Tukafungua. Mlango ulikuwa umekwanguliwa kwa ndani, chini, kimo cha mtu aliyelala.

“Aabo, wallahi silali humu,” Anab akamlilia babake.

“Panya tu,” akasema Kerrow, kisha akaruka akishika mfuko. Visu vilikuwa vya moto, vimejaa rangi ya kijani ya mlango.