Motokaa Isiyo na Gia ya Nyuma

"Gia ya nyuma?" Mwanasiti aliuliza, akasogea karibu na dirisha.

"Ya nyuma tu, Siti. Za mbele zote zipo, zinaingia bila tabu."

"Mwezi uliopita ilikuwa rejeta."

"Rejeta imekwisha. Imeungwa, haivuji hata tone."

"Na kabla yake breki. Na kabla ya breki kile kidude gani sijui."

"Karbureta."

"Mimi nimejua majina yote ya vyuma vya Kitaliano, Uweso. Wenzangu wamejua kulea."

Uweso alikuwa amesimama uchochoroni, hapo mtaa wa Makorora, suruali imejaa mafuta magotini, lakini kofia kichwani safi kabisa, maana alishonewa na Mwanasiti mwenyewe. Ndani ya chumba, shangazi Bimdogo alikuwa akichagua mchele aliokwisha kuuchagua jana. Kazi yake hasa ilikuwa kulinda heshima ya mpwa wake, na katika kulinda huko hakupitwa na neno hata moja.

Kisa chenyewe kilianza bei ya mkonge ilipoanguka. Meneja wa Kigiriki, ambaye Uweso alikuwa dereva wake, aliuza kila kitu akarudi kwao. Akaacha motokaa ya Kitaliano, nyeusi, milango minne, fupi kwa kimo, iliyotengenezwa kwa mbio. Enzi zake ilikuwa inawatimulia vumbi wote barabara ya Muheza. Lakini ilikuwa imezeeka, na njia za shambani zilikuwa zimeimaliza springi. Uweso akainunua kwa fedha alizoziweka kwa mahari, akatafuta udereva kwingine.

Hesabu yake ilikuwa nzuri, msimcheke. Miezi mitatu ya matengenezo, kisha aikodishe kwa maharusi wa Tanga nzima, fedha irudi na faida, ndipo apeleke wazee kwa Mzee Mwinyijuma, baba yake Mwanasiti. Fundi Zebedayo alipofungua boneti akanyamaza kwa adabu, na hapo ndipo Uweso angeelewa kama angetaka kuelewa. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Kikitengenezwa hiki, kile nacho kinadai zamu yake.

"Nipigie hesabu ya mwezi huu," Mwanasiti alisema.

"Mshahara ukitoka, nusu inakwenda kwenye gia. Mwezi ujao tairi mbili, halafu..."

"Na mimi nipo wapi katika hesabu hiyo?"

"Wewe ndiyo mwisho wa hesabu yenyewe, Siti."

"Ndiyo hilo ninalolisema. Mimi ni wa mwisho."

Akavuta pumzi, akalitoa lililomleta dirishani.

"Ijumaa, baada ya sala, wanakuja watu wa Sleyum bin Yaarub."

"Sleyum wa maduka ya kule Mabawa?"

"Huyo huyo."

Uso wa Uweso ukasawijika. "Gia imeagizwa Mombasa. Nipe mwezi mmoja."

"Sina mwezi. Nina Ijumaa."

"Uchochoro wenu hautokezi! Nikiingia nitatokaje? Na baba yako unamjua alivyosema."

Alivyosema baba, mtaa mzima ulijua. Mwaka jana motokaa ilizimika barabara kubwa, watu wakaisukuma, na Mzee Mwinyijuma akapita akaona. Alisema, "Binti yangu haposwi na mtu wa kusukumwa. Ije ikitembea yenyewe mpaka mlangoni pangu, au asije." Na mlango wake ulikuwa mwishoni kabisa mwa uchochoro, penye ukuta. Gari likiingia pale, kutoka ni kwa kurudi nyuma.

"Umesema za mbele zote zipo?" Mwanasiti aliuliza.

"Zote."

"Basi njoo kwa mbele."

Akafunga dirisha.

Alhamisi Bimdogo alirudi kutoka sokoni na kikaratasi kilichokunjwa. "Siti, basi la Mombasa limekuja, gia haimo. Nivumilie. Uweso."

"Mwambie mimi si gereji," Mwanasiti alisema. "Sikai kungoja spea."

Alisema hivyo kichwa juu, kisha akajitupa kitandani akalia. Tuseme wazi: alimtaka. Jioni motokaa ikinguruma kule barabara kubwa aliitambua kati ya zote, sindano ikasimama kwenye kofia, na haikuendelea mpaka mlio upotee. Hajawahi kuipanda hata siku moja. Aliijua kwa masikio tu, na mwenye nayo alimjua kwa nondo za dirisha.

"Sleyum ni mtu mzuri, mwanangu," Bimdogo alimbembeleza.

"Najua, shangazi. Ndiyo maana nalia."

Ijumaa wageni waliketi barazani, kahawa ikapita. Mzee Mwinyijuma akaja mlangoni mwa chumba.

"Mwanasiti."

"Bee, baba."

"Sleyum bin Yaarub anataka kukuoa. Unasemaje?"

Kimya. Bimdogo akaanza kutabasamu, akakumbuka, akaacha. Mara ya kwanza, Mwanasiti alipokuwa mwali, aliinamisha kichwa tu. Kimya cha mwali kinahesabiwa kuwa ndiyo, na kimya kile kilimpeleka kijijini Moa kwa mume asiyemjua, akarudi na talaka. Lakini mwanamke aliyekwisha kuachika hasomwi kwa kimya. Huyo lazima atamke.

"Ulipokuwa mwali nilikusikia kwa kimya chako," baba alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Leo sheria inataka nikusikie kwa ulimi wako. Watu wananingoja."

"Namheshimu, baba. Simkubali."

"Kwa sababu ya yule wa kusukumwa?"

"Ndiyo."

"Amekuja?"

"Hajaja."

"Atakuja?"

"Sijui, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akatoka kwenda kuwapa wageni jibu lao. Waliondoka kwa heshima, na vikombe vyao vilibaki barazani havijamalizwa. Mwanasiti akarudi kwenye kofia yake. Amemkataa mwenye maduka kwa ajili ya mtu ambaye huenda mpaka sasa yumo chini ya gari na spana mkononi. Moyo ulimuuma kwa hamu, na akajikasirikia kwa hamu hiyo, na haikupungua.

Alasiri imekwisha, akasikia mlio. Sindano ikasimama.

Mlio ulifika barabara kubwa, mahali unapozimika kila siku. Haukuzimika. Ukapanda, ukakata kona, ukaingia uchochoroni.

"Shangazi!"

"Nasikia."

"Anaingia!"

"Nasikia, mwanangu! Mama yangu, kuku wangu!"

Kuku walikimbia huku na huko, watu wakajibana ukutani, na motokaa nyeusi ikaja polepole mpaka pua yake ikabakiza nafasi ya watu watatu kusimama mbele ya ukuta. Akashuka Uweso katika kanzu nyeupe. Upande wa pili akashuka mjomba wake Haji, na bakora yake.

"Uweso! Una wazimu?" Mzee Mwinyijuma alifoka. "Si ndiyo hii isiyo na gia ya nyuma?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Utatokaje humu?"

"Sijui, baba. Sikuja kutoka. Nimekuja kuposa."

Mjomba Haji akakohoa. "Tuwie radhi, Mwinyijuma. Hayo yalikuwa maneno yangu, kijana kanitangulia."

Watu wakacheka. Mzee akaizunguka motokaa, akainama kutazama magurudumu, akatazama kule ilikotoka.

"Hakuna aliyesukuma?"

"Hakuna, baba."

Mzee akaingia ndani, mpaka mlangoni mwa chumba.

"Mwanasiti, Uweso ana..."

"Namkubali."

"Ngoja nimalize kuuliza!"

"Namkubali, baba."

"Haya. Mahari?"

"Motokaa."

"Motokaa ipi?"

"Hiyo hapo nje, kama ilivyo. Iwe mali yangu. Na gia ya Mombasa isilipiwe mpaka niseme mimi."

Dirisha lilikuwa wazi, na uchochoro mzima ulisikia. Uweso akasogea kwenye nondo.

"Kama ilivyo, Siti? Hata viti havijashonwa."

"Kama ilivyo. Mwaka na zaidi nimekaa nyuma ya rejeta, nyuma ya breki, nyuma ya karbureta. Sasa vyote vitakaa nyuma yangu."

"Na mimi?"

"Wewe kaa kando yangu. Utaendesha."

Uweso alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho kwa mkono wa kanzu. "Nimekubali," alisema.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu, na watu walitaka njia. Mzee Mwinyijuma akatoka, akakunja mikono ya kanzu, akajipenyeza kati ya ukuta na pua ya motokaa, akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti.

"Kaka!" Bimdogo alipiga kelele dirishani. "Si ulisema hutaki gari la kusukumwa?"

"Nilisema la Uweso," mzee alijibu. "Hii ni mahari ya binti yangu. Haya jamani, sukumeni!"