Posa ya Gaspar

Kokuberwa alimkuta mumewe stendi ya Mbezi Luis, katikati ya wapiga debe na abiria wenye mabegi, ametulia kwenye benchi utadhani kaitwa kikaoni. Alivaa suti ya kijivu aliyoshonewa kwa harusi ya binti yao, na tai nyekundu aliyoifunga vizuri ajabu. Tangu aanze maradhi ya kusahau, Gaspar alipotea hata kati ya sebule na chumba, lakini kutoroka nyumbani Kimara alikuweza.

"Shikamoo mama," alisema, akajisogeza kumpisha akae.

Uzee wote huu, leo anaamkiwa na mumewe. Kokuberwa alitaka kucheka, machozi yakamlenga.

"Marahaba. Umependeza, kijana. Safari ya wapi?"

"Bukoba. Naenda kuposa."

"Huyo binti mzuri?"

"Koku? Mzuri mno, ila ana mdomo. Akinuna hali chakula mpaka nimbembeleze."

Kokuberwa aliona haya kama msichana. "Na baba yake anakujua?"

Gaspar akainamisha kichwa. "Hanijui. Mie nilimwambia Koku nimekwenda kwao, mzee akanifukuza. Sikufika, mama. Nilisikia sauti yake nikiwa nje ya ua, nikaogopa, nikageuza. Ndipo nikamtorosha mtoto wa watu."

Kokuberwa akainuka. Kwa uongo huo alikuwa amemsusa baba yake hadi mzee akafariki, na msibani hakwenda. Alitembea hadi kwenye madirisha ya tiketi. Alitaka kumfokea mtu, lakini yule kijana mwoga alikuwa ameshatoweka zamani, na aliyebaki asingejua anafokewa nini.

Akageuka kumtazama. Gaspar alikuwa anafuta viatu kwa leso, taratibu, tayari kwenda kumkabili mzee aliyemkimbia. Huyu ndiye aliyemwogesha alipovunjika nyonga, akamfulia na kumpikia bila kuona aibu mbele ya majirani. Majina ya watoto yamemtoka, kosa lake halijamtoka, na amelivalia suti. Kokuberwa alimpenda pale pale, hasira zikiwa hazijamwisha.

Akampigia simu mdogo wake, Gozbert, anayeishi Segerea.

"Vaa kanzu na koti. Nakuletea mposaji."

"Anamposa nani, dada?"

"Mimi."

"Shemeji yuko wapi?"

"Ndiye huyo. Na wewe ndiye umekalia kiti cha baba, kwa hiyo kikalie vizuri."

Alirudi kwenye benchi. "Kijana, wazazi wa binti wako Segerea siku hizi. Nakupeleka."

"Watanifukuza?"

"Sijui. Twende ukaulize."

Gozbert aliwapokea sebuleni, na kisahani cha buni za kutafuna mezani, kama mgeni anavyopokewa kwao Bukoba. Alikuwa amejiandaa kuigiza. Gaspar alikataa kiti.

"Mzee, nilikuja kwako nikaogopa. Halafu nikakusingizia kwa mwanao. Naomba msamaha kwanza. Posa nitaisema ukinisamehe."

Gozbert alisahau maigizo. "Umesamehewa, mwanangu. Ila mwenye kauli ni binti."

Akamgeukia dada yake. Kwao binti huulizwa mbele ya wazee, na jibu lake ndilo linalomwoza. Kokuberwa, kwa kuwa alitoroshwa, hakuwahi kuulizwa.

"Dada, huyu mgeni unamfahamu?"

Kokuberwa alijua baba yake asingerudi, na yeye asingeacha kuumia kwa sababu mtu kavaa tai. Alimwangalia Gaspar, amesimama wima, asikimbie.

"Leo ndiyo nimemfahamu," alisema. "Na namtaka."

Gaspar alizitazama mvi zake, mikono yake, kisha uso wake, kwa muda mrefu.

"Wewe ndiye Koku?"

"Ndiye mimi."

"Basi nimechelewa sana."

"Sana," alisema Kokuberwa, akamshika mkono amkalishe. "Lakini sikuolewa na mwingine."