Makaburi ya Wengine Kabla ya la Mama

Jioni niliyorudi Euless, Texas, kutoka Misri, nilishuka na kapu la nguo chafu hadi chumba cha kufulia cha pale tunapopanga. Nikageuza raba zangu nizikung'ute.

Ukamwagika udongo mwekundu. Mbichi...

Kule tulikotembea ni kukavu na kweupe. Moraa, muuguzi mwenzangu niliyesafiri naye, alikuwa akipakia mashine ya pili. Akaninong'oneza, "Truphosa, hiyo si soil ya Egypt."

"Najua."

Harufu yake ilikuwa ya kwetu Vihiga, Kenya, mvua ikianza. Mama alizikwa huko mwaka 2003, nami nikakosa kwenda kwa sababu ya makaratasi ya kuishi Marekani. Kwetu, mtoto aliyekosa mazishi akirudi huanzia kaburini. Analia, anatupa udongo, ndipo anaingia nyumbani. Mwaka huu makaratasi yakatoka. Baba akaanza kunisubiri. Mimi nikalipia meli ya kitalii ya Mto Nile, kwa sababu nilitaka raha kidogo. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi meli ilitia nanga, tukazungushwa makaburini mchana kutwa. Katika kaburi la mwisho, chini kabisa ya mwamba, wenzangu wakitazama michoro ukutani, nilisikia mtu akiniita jina langu la utotoni. Karibu na shingo. Na harufu ya mvua...

Nikageuka. Hakukuwa na mtu.

Kulipokucha, baada ya usiku ule wa kufua, nilimpigia kaka yangu Patroba, anayefanya kazi Eldoret. Kabla hata sijamsalimia, akasema:

"Dada, asante. Baba ameniambia ulifika Jumamosi. Ati ulienda straight kaburini, ukalia, ukatupa mchanga. Mzee amefurahi sana."

Ningeweza kusema ukweli. Lakini nilimwona baba akilini, amefurahi, nikaogopa kumvunja moyo. Nikaona heri uongo.

"Ndiyo, nilienda. Ila kazi ilinibana. Nimesharudi Texas."

"Umerudi lini?" Sauti ya Patroba ilishuka. "Nimeongea na baba saa hii. Anasema umelala kwa kitanda ya mama, umekataa chakula. Ameenda kukuamsha."

Nikakata. Nikapiga namba ya baba.

Ikaita mara moja tu.

"Baba amelala," akajibu mtu, polepole, kwa sauti yangu.