Kilo Moja ya Gunia

Kisii si mji wa kununua feni. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, watu hutembea na masweta mwaka mzima, na duka la Hawo karibu na soko la Daraja Mbili lilikuwa na feni moja tu, iliyokula vumbi miaka miwili bila kuulizwa bei. Basi ajabu ya Jumatatu ile ilikuwa kwamba watu wawili waliishika kwa pamoja, Kemuma akivuta shingo ya feni na kijana mmoja mrefu akivuta miguu yake.

"Mimi ndiye nimeiona kwanza," alisema Kemuma.

"Umeiona kwanza, lakini mimi nimeishika kwanza."

"Na feni ya nini kwa hii baridi yote?"

"Na wewe je?"

Kemuma alisita. Kila alipowaeleza watu, walimcheka. "Naendesha baiskeli ndani ya nyumba," akasema kwa ukaidi. "Ndani hakuna upepo. Jasho inakumaliza."

Kijana akaachia feni. Alikuwa amevaa shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, na viatu vya mpira vilivyojaa tope la shambani. "Zile mashindano za mtandaoni? Za Ijumaa? Kwani unaitwa nani kwa skrini?"

"Kemuma wa Marani."

"Haiwezekani! Wewe ndiye ule dada huanza kutoroka mita mia nne kabla ya mwisho, halafu anapitwa na kila mtu? Aki mimi hukupita kila wiki!"

Hawo alicheka nyuma ya kaunta mpaka akarekebisha mtandio wake. Kemuma aliona aibu, akaona hasira, na juu ya yote mawili akaona kwamba kijana huyu ana macho mazuri.

"Feni chukua," kijana alisema. "Namba ya simu niachie."

Jina lake lilikuwa Nyasani, karani wa kituo cha kununulia majani chai huko Nyamira. Kemuma alikuwa fundi wa sare za shule, mwenye tepu shingoni na pini kwenye ukosi. Nyuma ya duka lake, katikati ya marobota ya kitambaa, alikuwa amefunga baiskeli kwenye mashine inayoishika gurudumu la nyuma. Mwendeshaji hakanyagi kwenda popote, ila kwenye skrini katuni yake inapanda milima na kushindana na watu wa miji mingine, kila mmoja akiwa kwake. Kemuma alikuwa na nguvu za ajabu, maana utoto wake wote alisukuma baiskeli ya baba yake yenye mikungu ya ndizi kutoka Marani. Alichokosa ni akili ya mwisho wa mbio.

Na wakati ulikuwa unamwishia. Timu moja ya baiskeli ilitangaza nafasi moja tu ya mwanamke, atakayechujwa kwa mbio za mtandaoni: mwaka mzima kambini Eldoret, kisha barabara za kweli nje ya nchi. Haikuchukua mtu aliyefika miaka thelathini. Kemuma alikuwa na ishirini na tisa na miezi minane.

Nyasani alimfundisha kwa simu. Kila jioni ililia saa kumi na mbili, na kila jioni Kemuma alikuwa ameishika mkononi tangu saa kumi na moja na nusu.

"Sikiza, malkia wa ndizi. Ukiwa nyuma ya mtu, kompyuta inakupunguzia upepo. Kaa hapo, wa nne ama wa tano. Usitoke mbele kutafuta sifa."

"Na wakiniacha?"

"Hawakuachi ukiendelea kukanyaga. Sasa, mashine ni kiziwi kidogo. Miguu ikisema leo, yeye anasikia baada ya sekunde moja na nusu. Kwa hivyo mita mia mbili unakanyaga kwa nguvu ukiwa bado umejificha, ile kasi inakukuta unatoka. Hapo ndio unabonyeza ile zawadi ya kukata upepo, ile mchezo hukupa njiani. Na usiache kukanyaga mpaka skrini ikuambie umemaliza. Watu wengi wanalegea wakiona mstari."

"Mia mbili ni karibu sana. Roho yangu haiwezi kungoja."

"Mvumilivu hula mbivu."

"Akingoja sana zinaoza, Nyasani."

"Unasema ndizi ama unanisema mimi?"

Kemuma alikata simu akicheka peke yake, akashona mfuko wa mbele wa kaptura upande wa nyuma. Alishampenda, na alijua.

Waandaaji walitaka kila mshindani aandikishe uzito wake wa kweli, kwa kuwa mwepesi hupanda mlima wa kwenye skrini haraka zaidi. "Mzani wa duka la dawa unadanganya," Nyasani alisema. "Kuja Nyamira. Mzani wangu unakaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka." Ulikuwa mzani wa kuning'inia. Kemuma alishika ndoano kwa mikono miwili, akakunja magoti, sketi yake ya kitenge ikipepea mbele ya wakulima walioshangilia, na Nyasani akasoma kwa sauti ya kazini: "Hamsini na sita kamili! Majani safi, hakuna bua!" Kisha akamshusha, na hakumwachia kiuno upesi.

Ijumaa saa tisa alasiri Kemuma alishinda mbio za kwanza za kuchuja. Alishinda kwa upana wa gurudumu, akapiga mayowe hadi Hawo akaja mbio na chupa ya maji. Nyasani alilia kwenye simu bila kuficha. Kisha Kemuma akapanda kwenda kwao Marani, na jua lilipozama akazima simu, maana yeye ni Msabato na Sabato haina simu.

Aliiwasha Jumamosi jioni akiwa na hamu ya sauti moja tu. Kulikuwa na ujumbe wa waandaaji: ushindi wake umefutwa kwa uzito usio wa kweli, kufuatia taarifa iliyotolewa na Nyasani wa Nyamira. Asubiri uamuzi.

Aliusoma mara tatu. Akampigia Nyasani.

"Umenichoma," alimwambia alipopokea.

"Kemuma, nieleze kidogo. Huo mzani..."

"Mzani ni wako! Wewe ndio ulinipima, wewe ndio ukaenda kunisema! Ulishindwa kuvumilia mwanamke akikupita?"

"Nilikutafuta tangu jana usiku. Simu..."

"Ilikuwa Sabato! Ungekuja kwetu!"

Akakata. Siku kumi hakupokea simu ya Nyasani. Alishona sare tisini na mbili, na usiku aliota mstari wa mwisho ukimkimbia.

Siku ya kumi na moja, Jumatano, alipigiwa simu na Maureen, msimamizi wa mashindano. "Una bahati, dada. Mtu akigundulika na uzito wa uongo, tunamfungia mwaka. Lakini kosa likitajwa ndani ya saa ishirini na nne, linahesabiwa ni kosa tu, si udanganyifu. Kesho saa kumi kuna mbio za mwisho za kuchuja, na wa kwanza ndiye anaenda Eldoret. Umeruhusiwa, na uzito wa hamsini na saba. Nikusomee barua iliyokuokoa?"

Kemuma alikaa juu ya robota.

"Mimi ni karani," Maureen alisoma. "Mzani wa kituo chetu umepangwa kupunguza kilo moja ya gunia kwa kila mzigo. Nimempima mtu asiye na gunia na nikasahau. Jana jioni mkulima alinilalamikia hiyo kilo, nikakumbuka, nikashindwa kula. Kemuma hajui lolote. Ikiwa kuna wa kuadhibiwa, mniondoe mimi kwenye mashindano maisha yangu yote. Yeye anastahili."

Kemuma aliomba asomewe tena. Kisha akakaa na simu mapajani, akiona haya ya maneno aliyoyasema. Alijiambia atapiga kesho. Kesho yake asubuhi alisema atapiga mchana. Alipiga saa kumi kasoro dakika saba, akiwa juu ya baiskeli, amevaa jezi ya kijani aliyoishona mwenyewe, sikio moja likiwa na spika.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza, bila salamu.

Kulikuwa na kelele za magunia. "Nilikuja," Nyasani alisema taratibu. "Ile Sabato nilichukua boda mpaka kanisa lenu. Nikafika mlangoni nikakupata umesimama mbele na gauni ya njano, unamshukuru Mungu kwa ushindi, mama yako analia kwa furaha. Miguu ikakataa kuingia. Nilikuwa mwoga, Kemuma. Nikarudi nikaandika, kwa sababu saa zilikuwa zinaisha. Nisamehe."

Kemuma alitaka kulia, lakini saa ilionyesha zimebaki dakika nne.

"Nisamehe na mimi," alisema. "Nilikutukana. Sasa fungua skrini yako, nihesabie. Siwezi kungoja peke yangu."

"Niko kazini, watu wamepanga laini hapa!"

"Nyasani."

"Nafungua, nafungua!"

Mbio zilianza kwa vishindo. Kilo ile moja aliisikia kwenye kila mlima, mapaja yakiwaka, jasho likidondokea kitambaa cha shule asiyokumbuka ni ipi. Kilometa ishirini na tano zilipita. Wakabaki wanawake sita, yeye akiwa wa tano, na skrini ikaandika mita mia nne. Hapo hapo yule wa kwanza, msichana wa Nakuru mwenye jezi nyekundu, akafyatuka.

"Anaenda!" Kemuma alipiga kelele.

"Mwache aende."

"Nyasani, anaenda!"

"Wa nne atamfuata, kaa nyuma yake. Ngoja, mpenzi. Ngoja."

Kila mshipa ulimwambia atoke. Mwaka wake, kambi yake, vyote viliondoka mbele ya macho yake na jezi nyekundu. Naye akangoja. Mita mia tatu. Mia mbili na hamsini. Hakuwahi kumwamini mtu namna ile maishani, na iliogopesha.

"Sasa!"

Akasimama juu ya kanyagio. Kwa sekunde moja na nusu ile ya mashine kiziwi hapakuwa na kitu, kisha katuni yake ikaruka, ikampita wa nne, wa tatu, wa pili. Akabonyeza zawadi. Jezi nyekundu ilikuwa mbele kwa baiskeli mbili, ikawa moja, ikawa nusu. Msichana wa Nakuru aliuona mstari, akalegea.

"Usiache! Kanyaga, Kemuma, kanyaga!"

Alikanyaga akiwa amefumba macho. Hakufumbua hadi Hawo, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa muda wote, alipoanza kurukaruka.

"Wa kwanza! Wallahi wa kwanza!"

Ndani ya spika palilipuka vigelegele vya watu wengi. Ndipo Kemuma alipotambua kwamba laini nzima ya wakulima wa Nyamira ilikuwa imeinamia simu ya karani. Sauti ya mwanamke mzee ikaingia, kavu, yenye kuzoea kuamrisha.

"Wewe msichana, buya mono, vizuri sana, umeshinda. Lakini huyu kijana analia hapa na hajapima hata gunia moja, na majani yetu yananyauka. Unamtaka ama humtaka?"

"Mama, naenda Eldoret mwaka mzima," Kemuma alisema akihema.

"Hilo sijauliza."

Kemuma alisikia Nyasani akijaribu kuchukua simu yake, na yule mama akimnyima. Alijifuta uso kwa mkono. Kifua kilikuwa bado kinapanda na kushuka.

"Namtaka," alisema. "Mwambie alete wazee wake Marani Jumapili ijayo. Kabla sijapanda gari."

"Amesikia," mama alijibu. "Ameketi chini."