Kilichomo Kifuani mwa Nadhir

Chai ilimkwaruza meno. Ghaniya aliitema kwenye karatasi akaona uji mweupe, mzito, unaonuka jiwe bichi na meno mabovu. Kikombe alikuwa amekifunika, na mlango wa ofisi umefungwa. Akaimwaga chai chooni, kisha akarudi kazini, maana binadamu huzoea hata uvundo.

Na kazi yenyewe ilikuwa uvundo mtupu, tusioneane haya. Karakana ile ya mjini Ibra ilikata mawe ya kupambia nyumba, na vumbi la mawe likishaingia kifuani halitoki. Kwa hiyo mwajiri alitakiwa aweke jalada la kila mkata mawe: vumbi lilipimwa lini, mtu alipewa barakoa gani, daktari aliona nini. Kipimo cha vumbi kilikaa kabatini, hakijatolewa hata kwenye boksi lake.

"Nakili ya mwezi uliopita, ukhti," Muatasim, mwenye karakana, alikuwa akimwambia huku akichokonoa meno. "Nani atasoma? Khalas."

Ghaniya akinakili. Vumbi kidogo, kifua safi. Aliandika hivyo kwa wote, hata kwa Nadhir, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kazi ile alimtafutia yeye mwenyewe.

Baada ya siku ya chai, adhuhuri mashine zikizimwa na watu wakienda kula, alianza kusikia kitu kikilamba nyuma ya mawe. Kililamba polepole, kwa ulimi mkavu. Alisoma Ayatul Kursiy, akajiambia ni paka.

Mchana mmoja alikwenda kumwita Nadhir waende nyumbani, na harufu ile ya meno mabovu ikampokea mlangoni, akaziba pua kwa shela, akapita kati ya mawe yaliyosimamishwa, na kila alivyosogea sauti ya kulamba ikazidi, mpaka akamwona mdogo wake amepiga magoti mbele ya msumeno, ulimi nje, analamba tope jeupe la mezani kama mtoto anayelamba sahani ya halua, na ute wake unaning'inia mpaka kifuani.

"Nadhir! Audhubillahi, unafanya nini?"

"Ana njaa, dada," alinong'ona Nadhir. Machozi yalimtoka. "Huyu aliyemo ndani. Nisipomlisha ananila mimi."

Alasiri ile ile akampeleka kwa Bi Tamima, kizee mzaliwa wa Unguja, mjuzi wa kutoa majini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlaze hapo."

Bi Tamima alifukiza ubani, akaweka sikio mgongoni mwa Nadhir, uso ukamkunjamana kwa kinyaa.

"Kweli yumo. Lakini jini hutolewa kwa mlango alioingilia. Kifua kilibadilika lini? Alikuwa akikata jiwe gani? Nani mwengine kaguswa?"

Duniani palikuwa na mtu mmoja tu wa kuyajua hayo, naye ni Ghaniya, mwandishi wa majalada, na hakujua hata moja. Angesema sijui, pengine ingefaa. Lakini mkono uliozoea kubuni huufundisha na ulimi.

"Mwezi wa Rajab, bibi," alisema. "Jiwe la kijivu. Yeye peke yake."

Bi Tamima akasoma, akaitaja Rajab, akalitaja jiwe la kijivu, akamwamuru jini atoke. Nadhir akatapika uji mweupe juu ya mkeka, wenye vipande laini vya rangi ya maini, na uvundo ukawafukuza hata nzi. Kisha akacheka kwa sauti isiyo yake.

"Rajab nilikuwa nimeshanenepa," ilisema sauti ile. "Kuna wenzake sita ninaowala. Wewe, bibi, unanifukuza mimi? Muulize huyu dada mtu. Kila mwezi ameandika kwamba simo. Asiyekuwemo anatolewaje?"

Ghaniya akaanguka miguuni pa Bi Tamima. "Nimesema uwongo, bibi! Nisaidie, nitakwambia ukweli!"

"Ukweli unao?" aliuliza Bi Tamima, taratibu.

Ghaniya akayakumbuka majalada yote. Hakuwa nao.

Kizee akauzima ubani kwa maji. "Mpeleke hospitali, mwanangu. Ila na wao watakuuliza haya haya."

Nadhir akakohoa. Na ndani ya kifua chake, kitu kikakohoa kumwitikia.