Hatamu ya Buluu

Kila asubuhi kabla ya shule Kashindye alipaswa kumvisha punda hatamu, na kila jioni kumvua, kumtazama uso na kumwosha. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa na baba yake, Bujiku, tangu walipohamia Ubaruku kutoka Usukumani. Wao walikuwa watu wa ng'ombe. Ng'ombe hufungwa kamba kwenye pembe, uso wake hauguswi. Mambo ya punda yalikuwa mageni kwao.

Baba alipomtuma mjini Igawa kununua hatamu, Mzee Othmani, fundi wa ngozi, alimwonyesha mbili. Moja ilikuwa ya mkanda mpana wa ngozi, haina urembo wowote. Nyingine ilikuwa ya kamba nyembamba ya nailoni, buluu ya kung'aa. Mzee alimwonya kwamba ile nyembamba ni ya kumfungia punda kwa muda mfupi tu, si ya kuvutia gari la punda. Kashindye akaitikia vizuri, kisha akachukua ya buluu.

Siku za mwanzo aliivua. Baadaye uvivu ukamwingia, akaiacha usiku na mchana. Baba akiuliza, alijibu, "Nimemvua, baba," huku akikimbilia kucheza rede.

Jumamosi ya kupeleka mpunga mashineni, punda aligoma katikati ya njia. Bujiku alimvuta, punda akarudi nyuma, gari nusura lipinduke na magunia yake. Bujiku akasema punda huyu ana kiburi, akakata fimbo.

Kashindye aliona fimbo ikiinuliwa, akapaza sauti.

"Usimpige, baba. Kosa ni langu. Sijamvua hatamu majuma mawili."

Bujiku alimpapasa punda chini ya taya. Mkono ukarudi na usaha. Kamba haikuonekana, ilikuwa imezama ndani ya nyama. Punda aliyemlisha kwa mkono wake alikuwa akioza uso, naye alimpita kila siku bila kuona.

Baba aliikata kamba polepole kwa kisu, akamfungua punda. Gari walilisukuma wenyewe, Kashindye akilia njia nzima.

Punda alikaa mwezi mzima bila kazi, akioshwa kwa maji ya chumvi. Alipopona, Bujiku alimvisha hatamu ya mkanda mpana wa ngozi, akapitisha vidole viwili kati yake na shavu.

"Vidole vipite hivi," alisema. "Na jioni inavuliwa, uwe umechoka au hujachoka. Uongo wako umemuumiza asiyeweza kusema. Nami nina kosa. Kila jioni nilikuuliza wewe. Ningempapasa punda, angeniambia kweli."

Jioni ile waliivua pamoja.